Jani Nililolikanyaga Kwenye Filamu

Lilikuwa jani la mhindi. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulisema mwishoni, wakati watu wameshainuka na viti vyao. Mlioiona ile filamu mliona mkwe wangu wa kuigiza ananiletea jani la sale, mimi nalitupa chini, nalikanyaga kwa kisigino cha kandambili, nalisaga kabisa. Sale halikuwepo pale. Asubuhi ile nilikwenda mwenyewe kwenye mahindi ya jirani wa nyumba tuliyopigia picha, nikachuma jani la mhindi mchanga, nikaazima mkasi kwa dada wa kusuka nywele, nikalipunguza mpaka likafanana. Kuna mtu aliniuliza kabla ya kuninunia? Hakuna.

Kwa msiotoka huku mlimani, niseme kidogo. Sale ni mmea tunaoupanda mipakani mwa kihamba, na kihamba ndiyo lile shamba la ukoo, lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi yetu. Jani lake ni refu, la kijani, halina maajabu yoyote ukilitazama. Lakini mtu akikukosea, hata kama kosa lenyewe ni la kutisha, akaja kwako ameshika jani la sale, unalipokea na yameisha. Unaweza kununa, unaweza kulia, unaweza kudai akuletee na mbuzi juu yake. Kulikataa ndiyo huwezi. Tangu nizaliwe sijasikia mtu aliyelikataa, isipokuwa mimi, kwenye televisheni, nchi nzima ikitazama.

Kazi hii sikuitafuta. Shule niliishia darasa la tatu, ndiyo maana naandika polepole na mjukuu wa jirani ananirekebishia herufi. Nilikuwa na kibanda cha mtori na chapati pale Soweto, Moshi mjini, na ningekuwa nacho mpaka leo. Watu wa filamu walitoka Dar kuja kupiga picha kwa ajili ya mlima, na mlima ukajifunika mawingu wiki nzima, haukutoa hata ncha. Wakawa wanashinda kwangu wanakula na kulalamika. Siku moja mteja akanirudishia bakuli la mtori, anasema ndizi hazijaiva, na nusu ya bakuli ameshaila. Nikamwambia maneno. Sitayaandika hapa kwa sababu kitabu hiki huenda akakisoma mchungaji.

Dairekta akaweka kijiko chini. Kijana mwembamba, miwani, kofia hata akiwa ndani.

“Mama, unaweza kurudia hivyo hivyo, ila unamtazama yule dada pale?”

“Nimtukane dada wa watu, amenikosea nini?”

“Ni mkwe wako. Hajui kupika.”

“Aa. Hilo ni kosa,” nikasema, nikaanza upya.

Toka siku hiyo mimi ni mama mkwe. Nimekuwa mama mkwe wa mwalimu, wa nesi, wa binti wa mchungaji, wa yatima, wa yatima mwingine. Mara mbili nilikuwa mchawi, na hao wachawi nao walikuwa na wakwe. Mara moja niliambiwa nitakuwa maiti, nikafurahi, nikasema angalau maiti hanyanyasi mtu. Nikalala kwenye jeneza siku nzima, pamba puani. Kumbe kuna sehemu ya pili, nafufuka, nakwenda moja kwa moja jikoni kwa mkwe.

Na watu wanaamini! Hilo ndilo linalonichosha. Nilikuwa kwenye foleni hospitali ya Mawenzi, nimekwenda kupima presha, mama mmoja akamvuta mtoto wake. “Njoo huku, usimkaribie yule bibi.” Mtoto akauliza kwa sauti ya kanisani, “Ndiye yule aliyemtilia mkwewe sumu?” Foleni yote ikageuka. Nikasema jamani, ilikuwa maji na rangi ya vimto. Hakuna aliyecheka. Presha ikapimwa, ikawa juu, nikaulizwa kama nina mawazo. Nikasema mawazo ninayo.

Binti yangu ninaye mmoja tu. Baba yake aliondoka kabla hajazaliwa na hakurudi kujitambulisha kwa mtu, kwa hiyo mtoto ni wa kwetu, na kwetu maana yake ni kwa kaka yangu. Kaka ndiye mkubwa, ndiye amekaa kwenye kihamba cha baba. Binti alikulia pale kila likizo, anaparamia miti na watoto wa kaka kama ngedere. Mnikumbushe nirudi hapo, kwa sababu hapo ndipo shida yenyewe ilipo.

Nimalize kwanza habari ya sauti. Mwaka mmoja yule dairekta akanipigia simu, akasema kuna studio Dar inaingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, wanatafuta bibi. Nikasema bibi mbaya? Akasema hapana, bibi mwema. Nikapanda basi siku hiyo hiyo, hata maharage nilikuwa nimeloweka nikayaacha kwenye maji.

Kazi ya sauti ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Unafungiwa kwenye chumba kidogo chenye magodoro ukutani, unavalishwa vitu masikioni, mbele yako kuna kioo kinachoonyesha mama wa kizungu anafungua na kufunga mdomo, na wewe ujaze mdomo huo. Akifunga, ufunge. Akivuta pumzi, uvute. Bangili nivue. Shanga nivue. Siku niliyokunywa togwa asubuhi, tumbo likanguruma katikati ya sala ya bibi, na fundi sauti akasimamisha mitambo.

“Mama, huyo ni nani anayeongea?”

“Tumbo.”

“Halimo kwenye skripti.”

Fundi huyo alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, mtu wa Pwani, mpole, lakini ananichoma. Nikisema neno kwa lafudhi ya kwetu anacheka mpaka anafuta machozi. “Leo umeuleta mlima wote kwenye maiki,” anasema. Halafu akagundua kwamba kusoma kwangu ni kwa kupapasa, nafika kwenye nukta yule mama wa kizungu ameshatoka chumbani. Angeweza kunirudisha Moshi. Badala yake akawa ananisomea mstari masikioni, mara moja, nami nausema kwa kuushika kichwani. Tamthilia nzima tuliifanya hivyo. Bibi yule alikuwa na roho nzuri ajabu. Wajukuu wanamwibia, anawapa na chakula. Mwanawe anamfukuza, anamwombea. Mimi binafsi ningemrushia kiatu. Lakini sauti ilitoka laini, sijui ilikotoka, na watu walilia.

Basi huku nyumbani watu hao hao waliovuta watoto wao kwenye foleni, jioni wanakaa mbele ya televisheni wanamlilia yule bibi. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye kiongozi wao. Siku moja akaniambia uso kwa uso, “Wewe ungekuwa na nusu tu ya roho ya yule bibi, watu wangekupenda.”

“Wifi, yule ni mimi.”

“Wewe?”

“Ile sauti ni yangu.”

Akanitazama juu mpaka chini. “Yule bibi ni mzungu. Halafu anaongea kwa upole.”

Nifanye nini hapo? Nikamsemea mstari mmoja wa bibi. Akasema nimeigiza vizuri lakini bado sijafikia.

Sasa ndiyo ikaja ile filamu ya jani. Dairekta alikuwa amesikia habari za sale mahali fulani, akafurahi kama mtoto aliyeokota kibiriti. Akaandika kwamba mkwe anakuja kuomba msamaha na jani, na mama mkwe analikanyaga. Nikamwambia haiwezekani. Akasema ndiyo maana anaitaka, watu washtuke. Nikamwambia hawatashtuka, watakasirika, na hizo ni habari mbili. Akasema, “Mama, ni filamu tu.” Mtu akikuambia ni kitu fulani tu, jua hajui bei yake. Lakini mimi nami nilitaka ile kazi. Nilikuwa na jina kubwa safari hii, picha yangu ingekuwa kwenye bango. Naliandika wazi, niliitaka. Nikafikiri nitapata njia ya katikati: nikanyage hindi, filamu iendelee, mlimani nisiwe nimekosa kitu. Nilijiona nina akili kuliko wote siku ile. Nilikanyaga kwa raha kabisa, maana nilijua ni hindi.

Filamu ilipotoka, kaka alinyamaza. Yeye si mtu wa kugombana. Krismasi ilipofika akachinja mbuzi kama kila mwaka. Kwetu kila mtu ana fungu lake la nyama, na fungu langu, dada wa nyumba, hufungwa kwenye jani la mgomba na huletwa mpaka mlangoni. Mwaka huo halikuja. Nilikaa kwangu mpaka jioni sijapika, nasubiri fungu. Nilipokwenda kuuliza, kaka alikuwa ameketi kwenye benchi. Nikasema shikamoo kaka. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Wifi akatoka na kuniambia kwa niaba yake: “Anasema mtu aliyekanyaga sale hana fungu.”

“Lilikuwa jani la mhindi!”

Wifi akaingia ndani, akatoka. “Anasema basi umeongeza na uongo.”

Nikaona nitulie, nikidhani atapoa. Hakupoa. Na hapo ndipo binti yangu akaja na habari kwamba kuna watu wanataka kuja kumposa. Amekwishavuka miaka thelathini, mimi nilikuwa nimeshaacha kuuliza, anakuja siku ya Jumatatu ananiambia watakuja Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, wameshaiweka. Kijana ni mtu wa Marangu, anaongoza wageni kupanda mlima, mwenye adabu, shikamoo yake unaisikia tangu getini. Mbege ya posa inapokelewa na mkubwa wa nyumba. Anapewa kata, anaonja, akishaonja neno limekubaliwa. Asipoketi pale kaka, hakuna wa kuonja. Watu wale watageuza na pombe yao, na mwanangu atabaki anatazama ukuta.

“Mama,” akaniambia, “mjomba amesema hatakaa kiti kimoja na wewe.”

“Alisema hivyo?”

“Alimwambia mke wake aseme.”

Nikasema basi, si shida, dawa tunaijua. Nitampelekea sale. Akishalipokea yameisha, hana ujanja. Jumanne asubuhi nikapanda kwa kaka, nikachuma jani, nikapiga hodi. Wifi akaniambia kaka yuko kliniki. Nje kuna viatu vyake. Nikasubiri. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya jiko, nikazunguka, nikaona mgongo wa koti lake unapotelea kwenye migomba.

Nilielewa palepale, na hasira zilinipanda mpaka masikioni. Kaka alikuwa ananikwepa. Alijua kabisa nikimfikia na jani itambidi alipokee, na yeye hataki kupokea, kwa hiyo anakimbia. Mzee wa miaka sabini na tano, goti bovu, anakimbia jani! Jumatano nilikwenda mapema zaidi, akawa amelala, homa. Wifi anasema homa kali, na nyuma yake mgonjwa anauliza kama chai imeiva. Alhamisi nilimkuta mbali kwenye kahawa anapogolea, nikapita kwa chini ili nisionekane, magoti yangu nayo si ya jana, nikateleza kwenye mfereji wa maji, nikaingia mpaka kiunoni. Nilipoinuka na jani langu juu kama mtu anayeomba ruhusa darasani, kaka hayupo, na mkasi wake wa kupogolea umeachwa chini. Majirani wawili walikuwa wanatazama kutoka ng'ambo. Mmoja akaniita, “Bibi, hii ni filamu mpya?”

Nikarudi nyumbani nimelowa. Binti akanikuta nakausha gauni juu ya meko. Hakuniambia kitu. Ndiyo tabia yake, hasemi, anakaa anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Ningependa anitukane. Nilikuwa nimewatukana mabinti wa watu kwa kazi, wangu mwenyewe hajui hata kunijibu.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Niliamka na wazo ambalo sikulipenda, na bado silipendi. Mama anayekusanya maziwa hupita kwenye barabara ya juu kila asubuhi, na anaita watu kwa sauti ya puani, ndefu, ya mtu aliyechelewa tangu jana. Kaka akiisikia huacha yote na kutoka na ndoo. Nikaenda kusimama nyuma ya ua wa zizi, jani mkononi, nikaminya pua kwa ndani kama alivyonifundisha fundi sauti, nikaita.

“Wa maziwaaa! Leo nawahi, simsubiri mtu!”

Kaka akatoka zizini mbiombio, mikono yote miwili imeshika ndoo iliyojaa, kifuniko kimekaa upande. Akaniona. Akaona jani. Akasimama.

“Shikamoo kaka.”

Akaipandisha ndoo kifuani.

“Nimeleta sale.”

“Naona.”

“Pokea.”

“Mikono imejaa.”

“Weka ndoo chini.”

“Chini kuna kinyesi.”

“Weka pale kwenye jiwe.”

“Jiwe linayumba.”

Tukasimama hivyo. Yeye hawezi kuweka ndoo kwa sababu mikono itakuwa mitupu. Mimi siwezi kuondoka. Ng'ombe anatutazama.

“Na hilo ni sale au hindi?” akauliza.

“Ni sale. Nimelichuma hapa mpakani mwako.”

“Kumbe na wizi.”

Hapo nikashindwa. “Kaka, mzee mzima, unamkimbia mwanamke mwenye jani! Wiki nzima! Umeniingiza kwenye mfereji! Huoni haya?”

“Nakukimbia kwa sababu ukinipa nitalipokea,” akasema. “Unafikiri mimi ningelikataa? Wa kulikataa ni wewe.”

“Lilikuwa—”

“Ulijua wewe kwamba ni hindi. Mimi niliona sale. Wajukuu zangu waliona sale. Tulikuwa tumekaa wote pale ndani, tumefurahi, tunasema bibi yenu huyo. Ukalikanyaga. Mdogo akanigeukia akaniuliza, ‘Babu, kumbe inawezekana kukataa?’”

Nikalitazama jani mkononi mwangu.

“Wewe ulikuwa bado unanyonya,” kaka akaendelea, na ndoo imeanza kutetemeka. “Mimi nilikimbilia Tanga kwenye mkonge. Baba alikuwa mgonjwa, mimi ndiye mkubwa, nikamwachia shamba na ng'ombe na nyinyi. Miaka minne sikuleta hata salamu. Aliapa mbele ya ukoo kwamba nikirudi atanivunja kwa fimbo. Na alikuwa mtu wa kutimiza. Nilirudi nimechuma sale pale pale ulipochuma wewe. Akatoka na fimbo. Nani angemzuia? Akalitazama jani, akatupa fimbo. Angeweza kutupa jani. Hakuna aliyemshika mkono. Alitupa fimbo, akamwambia mama anipakulie. Nilikula nikilia kama mtoto.” Akaionyesha nyumba kwa kidevu. “Ndiyo nyumba hii. Ndiyo kihamba hiki. Nilikipata kwa jani. Sasa dada yangu ameionyesha nchi nzima kwamba jani linatupika.”

Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Miaka yote sitini na kitu, hakuna mtu aliyenisimulia, sijui walidhani nitaiigiza. Na lile neno langu la jani la mhindi, nililolitembeza mlima mzima, likanikauka mdomoni. Nilikuwa nimefikiri kosa linakaa kwenye jani. Kumbe wale watoto hawakuona jani, waliona mimi. Nilisimama pale na gauni la jana, lenye tope bado pindoni, nikaona aibu ambayo hakuna dairekta angeweza kunifanya niiigize.

Nikasema, “Kaka, nimekosa.” Si kwa sauti ya mtu yeyote. Ilitoka vibaya, imekwaruza.

Maziwa yakaanza kumwagika. Mikono ya kaka ilikuwa imechoka kabisa.

“Shika upande huo,” akasema.

“Nina jani.”

“Lete hilo jani ushike ndoo vizuri, mbona mzito hivyo! Maziwa yanakwenda!”

Akaachia mkono mmoja, akanyakua jani, akalisukuma kwenye mfuko wa shati, tukashika ndoo wote wawili. Tulikuwa tumeshapanda hatua kumi hivi kuelekea barabarani ndipo nilipoona ncha ya kijani imetokeza karibu na kidevu chake. Naye akaiona. Akasimama kidogo. Hakulitoa. Akavuta pumzi, tukaendelea kupanda.

Barabarani hapakuwa na mtu.

“Yuko wapi huyu mama?” kaka akauliza. “Si ameita?”

“Ni mimi niliyeita.”

Akanigeukia polepole. “Wewe?”

“Mimi.”

“Ile sauti ya puani?”

“Ndiyo.”

Akatazama ndoo, akatazama barabara tupu. “Una kazi mbaya sana,” akasema. “Waje Jumamosi. Ila mimi nitaonja, na wewe sitaki nikusikie. Hata neno moja. Na wale watoto utawakalisha chini uwaambie mwenyewe, siyo kwa mdomo wangu.”

Watoto niliwaambia jioni ile. Niliwakalisha kwenye benchi wote wanne, nikawaambia sale halikataliwi, baba wa babu yao hakulikataa, na mimi nilifanya vibaya kuonyesha kinyume. Yule mdogo akauliza kama na yule mkwe niliyemtilia sumu naye nilimwomba msamaha. Nikamwambia sumu ilikuwa vimto. Akasema, “Hivyo ndivyo ulivyosema hata kwa jani.” Miaka sita huyo. Atakuja kuwa wakili.

Jumamosi wakaja kutoka Marangu, watu tisa, na mbege kwenye mapipa mawili ya plastiki, nzuri, imechachuka sawasawa. Mimi nilikaa upande, mdomo umefungwa. Hamjui mateso yale. Msemaji wao akaanza kumsifia binti yangu, akasema alizaliwa Mawenzi, wakati mtoto alizaliwa kwa bibi yake jikoni. Akasema mama yake amemlea kwa biashara ya nguo. Nguo! Nikauma ulimi. Kaka alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho kama mtu anayelinda chungu kisifurike.

Shangazi wa kijana, mwanamke mnene wa kitenge kipya, akaninong'oneza, “Mama mzaa chema, mbona huongei?” Nikatabasamu. Akamgeukia kaka. “Samahani mzee, mama ni bubu?”

“Si bubu,” kaka akasema. “Nimemwomba apumzike.”

“Na nini?”

Kaka, mtu mkweli, akajibu, “Na kuigiza.”

Shangazi akanitazama upya. Nikaona macho yanapanda, yanashuka, yanafika. “Yesu wangu!” akasema. “Ni yule mama mkwe!” Upande wao wote ukageuka. Kijana mwenyewe akainamisha kichwa. Alikuwa anajua siku zote, na hakuwaambia kwao. “Mwanangu,” shangazi akasema, “wewe umekwenda kujitafutia huyu? Umeona anavyowafanya wakwe zake?”

Nilikuwa na majibu kumi na tano. Nilikuwa nayo yamepangwa. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amekunja kona ya khanga yake, anaikunja tena na tena. Nikafunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yakauma.

Kaka akainuka, goti likalia. Akachota kata, akaonja, akanywa, akaendelea kunywa mpaka ikapita ile ya kuonja tu. Akafuta ndevu. Akachota tena, akampelekea shangazi mwenyewe, akasimama mbele yake na kata imejaa.

“Mimi nimeshaonja,” akasema. “Huyu mnayemtazama ni dada yangu, wa tumbo moja. Kijana wenu akinikosea ataniletea jani, na yeye akikosewa ataletewa. Kunywa, shangazi, mkono unanichoka.”

Shangazi akatazama kata, akatazama kijana. Akanywa. Kidogo kwanza, halafu vizuri, halafu akaipitisha, na mwanamke mmoja wa upande wao akapiga kigelegele kabla hata ya wa kwetu, jambo ambalo si utaratibu, lakini nani wa kumsahihisha, mimi nilikuwa nimefungwa mdomo.

Nilivumilia mpaka nyama ikaliwa, mpaka sala ikafungwa, mpaka tukawasindikiza hadi barabarani. Kona ya kwanza tu walipoipinda nikafungulia. Habari ya Mawenzi, habari ya biashara ya nguo, habari ya kitenge cha shangazi, utaratibu wa vigelegele, yote niliyokuwa nimeyameza toka asubuhi, kwa sauti yangu kubwa ya filamu.

Binti yangu akanishika mkono.

“Mama,” akasema, “wamesimama hapo kwenye kona wanasubiri gari. Wanakusikia.”